Jinsi ya kunyoosha njia ya ndege inayovuka anga za nchi kadhaa: mwongozo kamili kwa wapanga safari

Ukipima kwa mstari mfupi kabisa juu ya tufe, kutoka Nairobi hadi Johannesburg ni karibu maili za baharini 1,570, yaani kilomita 2,900 na ushee. Mstari huo unauacha Mlima Meru mkono wa kushoto, unaikata Tanzania hadi ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, unagusa Karonga upande wa Malawi, unaingia mashariki mwa Zambia, unavuka Mkoa wa Tete nchini Msumbiji, unapita karibu kabisa na Harare, kisha unaingia Afrika Kusini jirani na Beitbridge. Hiyo ni safari ya takriban saa nne ndani ya nchi saba, na kila nchi ina kituo chake cha kuongoza ndege.

Nitaitumia njia hiyo kama mfano kwa sehemu kubwa ya mwongozo huu. Walengwa ni ofisa operesheni wa shirika la ndege, mwanafunzi wa usafiri wa anga, na mtumishi wa mamlaka ya anga aliyeambiwa na bosi wake “angalia kama tunaweza kufupisha njia.” Nianze na msimamo wangu: mara nyingi mafuta hayapotei katikati ya nchi. Yanapotea mpakani, pale ndege inapotoka mikononi mwa kituo kimoja na kupokewa na kingine. Anayeanza kwa kuchora mstari mzuri kwenye ramani na kuupeleka wizarani ameanza mwisho.

Sababu ni ya kisheria. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, katika ibara yake ya kwanza, unaipa kila nchi mamlaka kamili juu ya anga lililo juu ya ardhi yake. Kwa ajili ya kazi ya kila siku, anga limegawanywa katika maeneo ya kuongozea ndege ambayo wenye kazi huyaita FIR: FIR ya Nairobi, ya Dar es Salaam, ya Entebbe na kadhalika. Mipaka ya FIR si lazima ifuate mipaka ya nchi. Kwa miaka mingi Dar es Salaam iliongoza anga la juu la Rwanda na Burundi, wala Kigali na Bujumbura hazikupoteza mamlaka yao kwa hilo. Kumwachia jirani kazi ya kuongoza ndege ni huduma tu. Liweke hilo akilini, kwa sababu mezani litaulizwa.

Hatua ya 1: Pima njia kama ilivyo leo

Unahitaji namba tatu: urefu wa mstari mfupi, urefu wa njia iliyoandikwa kwenye mpango wa safari, na urefu uliorukwa kweli. Namba ya kwanza unaipata kwa kikokotoo chochote cha umbali wa tufe. Ya pili iko ofisini kwako. Ya tatu inatoka kwenye kumbukumbu za safari zilizohifadhiwa na ndege yenyewe, au kwenye mitandao inayofuatilia ndege kama Flightradar24 kama shirika lako halina njia nyingine.

Usihesabu maili 40 za kwanza kuzunguka uwanja wa kuondokea na maili 40 za mwisho kuzunguka uwanja wa kutua. Huko ndege inapinda kwa sababu ya upande wa barabara ya kurukia na foleni ya kutua, na hayo yana tiba yake tofauti. Chukua safari za misimu tofauti, kwani mawingu ya masika huzipindisha ndege kuliko afisa yeyote.

Tofauti kati ya namba ya kwanza na ya pili inakuonyesha kasoro za mtandao wa njia. Tofauti kati ya ya pili na ya tatu inakuonyesha njia za mkato ambazo waongoza ndege wanawapa marubani wakiwa hewani. Kama kila siku marubani wanaambiwa waende moja kwa moja hadi nukta fulani, yaani mahali palipopewa jina kwenye ramani ya anga, basi njia fupi tayari ipo, ila haijaandikwa.

Hatua ya 2: Tafuta kona, na anzia mpakani

Gawa njia kwa FIR, kisha kwa kila kipande pima umbali kutoka nukta ya kuingilia hadi ya kutokea. Utashangaa: ndani ya kila FIR njia inaweza kuwa imenyooka vizuri, lakini ukiviunganisha vipande vyote unapata mchoro wa nyoka. Nchi ya kwanza ilichagua nukta yake ya mpakani kwa kuangalia mtambo wa redio uliokuwa ardhini enzi hizo, nchi ya pili ikafuata mtambo wake. Leo ndege zinajiongoza kwa satelaiti na hazina haja ya kupita juu ya mtambo, lakini nukta zimebaki palepale.

Ziandike nukta za mpakani moja moja, na kando ya kila moja andika ni maili ngapi iko nje ya mstari mfupi. Nukta iliyo mbali maili 15 katikati ya safari ndefu haina madhara makubwa. Nukta hiyohiyo ikiwa karibu na uwanja wa kuondokea inaongeza pembe kali. Zipange kwa maili zitakazookolewa, chukua mbili au tatu za juu, nyingine ziache kwanza. Ombi la kubadili mtandao mzima hukaa kabatini, ila ombi la kusogeza nukta mbili hujibiwa.

Hatua ya 3: Hesabu upepo na kimo kabla hujafurahia maili

Ndege hulipia umbali wa hewa, si umbali wa ardhini. Chukua ndege yenye mwendo wa noti 450, yaani maili za baharini 450 kwa saa. Njia ya kwanza ina maili 1,500 lakini ina upepo wa mbele wa noti 30. Itachukua saa 3 na dakika 34. Njia ya pili ina maili 1,540 na hewa imetulia. Itachukua saa 3 na dakika 25. Iliyo ndefu imeshinda kwa dakika tisa.

Karibu na Ikweta pepo za juu kwa kawaida ni dhaifu, ndiyo maana njia nyingi za Afrika Mashariki hukaribiana na mstari mfupi. Ukishuka kusini, hasa Juni hadi Agosti, mkondo mkali wa upepo kutoka magharibi hukaa karibu na anga la Johannesburg. Kwa njia yetu unapiga zaidi ubavuni, kwa hiyo haubadilishi mambo sana. Ndege ya Johannesburg kwenda Perth, Australia, huutafuta kwa makusudi. Ya kurudi huukwepa. Kwa safari za namna hiyo, njia moja ya kudumu haitoshi, na shirika linapaswa kuruhusiwa kuchagua njia yake kila siku kulingana na utabiri.

Kimo nacho kina uzito uleule. Tangu tarehe 25 Septemba 2008, Afrika imetumia nafasi ya futi 1,000 badala ya 2,000 kati ya ndege na ndege, kuanzia futi 29,000 hadi 41,000. Kwa wanaoelekea kusini kama sisi, vimo vinavyopatikana ni pamoja na 34,000, 36,000, 38,000 na 40,000. Wanaorudi kaskazini hupata 35,000, 37,000 na kuendelea. Kila inavyochoma mafuta ndege inakuwa nyepesi, na kimo kinachoifaa kinapanda. Njia iliyonyooka inayokulazimisha kubaki chini saa nzima inaweza kuchoma zaidi ya njia iliyopinda kidogo inayokuruhusu kupanda. Kwa hiyo programu yako ya kupanga safari ilinganishe kilo za mafuta. Maili pekee zitakudanganya.

Hatua ya 4: Andika kila kinachozuia mstari

Maeneo ya kijeshi. Milima: ndege ikipoteza hewa ya ndani inabidi ishuke haraka hadi futi 10,000 hivi, na oksijeni ya abiria katika ndege nyingi hudumu dakika chache tu, kwa hiyo Kilimanjaro yenye futi 19,341 na Meru inayokaribia futi 15,000 si mapambo ya dirishani. Viwanja vya dharura, hasa kwa ndege ya injini mbili inayovuka bahari. Mwisho, sehemu ambazo redio haisikiki vizuri.

Hilo la redio lina utaratibu wake Afrika: katika anga zilizotajwa kuwa na mawasiliano hafifu, marubani hutangaziana wenyewe mahali walipo na kimo chao kwenye masafa ya redio ya megahezi 126.9. Ukipeleka njia mpya katika anga la aina hiyo, marubani wajulishwe kabla.

Mambo hubadilika pia kwa uzuri. Anga la Mogadishu, ambalo kwa miaka mingi liliendeshwa kutoka Nairobi chini ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilirudi mikononi mwa Wasomali mwishoni mwa 2017, na Januari 2023 likawa tena anga linaloongozwa kikamilifu. Kwa anayeruka Dar es Salaam hadi Mumbai, hilo si jambo dogo.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya fedha, zikiwemo tozo

Kwa mfano, kunyoosha nukta mbili kunaokoa maili 40. Kwa noti 450 hizo ni dakika tano na kidogo. Boeing 737-800 huchoma takriban tani 2.5 kwa saa ikiwa juu, kwa hiyo umeokoa kilo 220 hivi. Kila kilo ya mafuta ya ndege hutoa kilo 3.16 za hewa ya ukaa. Hapo ni karibu kilo 700 kwa safari moja. Ndege ikienda na kurudi kila siku, kwa mwaka unakaribia tani 160 za mafuta. Zidisha kwa bei unayonunulia kweli, kwani mkurugenzi wa fedha hasomi maili.

Kisha weka tozo za kupita angani upande wa pili wa mizani. Hapa wengi hujikwaa. Ulaya hutoza kwa umbali, uzito wa ndege na kiwango cha kila nchi, na tofauti za viwango hivyo zimewahi kuyafanya mashirika yazunguke kwa makusudi ili kukwepa nchi ya bei ghali, huku yakichoma mafuta zaidi. Penye tozo ya kiwango kimoja kwa kila mpito, kukata kona ya nchi kwa dakika sita kunagharimu sawa na kuivuka nzima. Kwenye njia yetu, mstari unaogusa Malawi kisha Zambia kisha Msumbiji ndani ya muda mfupi unaweza kukuletea ankara tatu. Soma jedwali la tozo la kila nchi kabla hujaipendekeza njia, na kagua kibali cha kupita: baadhi ya vibali hutaja nukta za kuingilia, ukizibadili kibali hakikufai tena.

Maoni yangu ni kwamba tozo zisizofuata umbali zinazuia njia zilizonyooka kuliko siasa. Siasa angalau hujadiliwa hadharani.

Hatua ya 6: Kaa mezani na vituo vyote viwili

Kila jozi ya vituo jirani ina hati ya makubaliano ya kikazi. Humo mmeandikwa nukta za kukabidhiana ndege, vimo vinavyokubalika kila upande, dakika ngapi kabla taarifa itolewe, nafasi kati ya ndege na ndege, na nini kifanyike simu ikikatika. Hati hiyo ndiyo inayotawala njia yako kuliko ramani iliyochapishwa. Iombe, isome.

Angalia inavyofanya kazi kwa karibu. Ndege inayoondoka Nairobi kwenda kusini hufika mpaka wa Tanzania baada ya maili 70 hivi. Kwenye mpango wa safari hilo huandikwa EET/HTDC0012, yaani dakika 12 baada ya kuruka itaingia anga la Dar es Salaam. Baada ya dakika 12 ndege bado inapanda. Mwongoza ndege wa Nairobi huwa ameshampa mwenzake makadirio: jina la safari, nukta, saa ya kufika, kimo. Kama makubaliano yanataka ndege iwe imetulia kwenye kimo kimoja inapovuka, itasimamishwa chini, itaunguruma hapo hadi ivuke, kisha iruhusiwe kupanda. Ukiweza kuongeza kifungu kinachoruhusu makabidhiano ya ndege inayoendelea kupanda, umeokoa mafuta bila kusogeza nukta hata moja.

Nafasi kati ya ndege ni suala jingine. Pasipo rada, nafasi ya kawaida ni dakika kumi, ambazo kwa mwendo wetu ni maili 75. Penye rada inaweza kushuka hadi maili tano. Tanzania imefunga rada za kiraia Dar es Salaam, uwanja wa Kilimanjaro (KIA), Mwanza na Songwe, na hiyo ya Songwe iko karibu na mahali ambapo njia yetu inatokea kwenda Malawi. Lakini jirani asiyeiona ndege kwenye kioo ataidai iletwe na dakika zake kumi, na aliye na rada inabidi aanze kuzitenganisha ndege mapema ndani ya anga lake. Kwa hiyo uliza kila upande una nini, na kama picha ya rada inaweza kutumwa kwa jirani.

Mezani awepo mwongoza ndege wa zamu wa kila kituo, mtaalamu wa mpangilio wa anga wa kila mamlaka, mtu wa jeshi, na shirika moja au mawili yenye takwimu. Mapendekezo yanayogusa nchi kadhaa hupitia ofisi ya ICAO ya kanda, ambayo kwa Afrika ya Mashariki na Kusini iko Nairobi. Wazo la kuliunganisha anga la juu la Jumuiya ya Afrika Mashariki limezungumzwa miaka mingi, na ni wazo jema, ila usilisubiri. Ureno ilianza peke yake mwaka 2009 kwa kuziruhusu ndege zichague njia katika anga lake la juu. Hungaria ikafuta mtandao wake wa njia za kudumu mwaka 2015. Baadaye, mwaka 2018, Austria, Slovenia, Kroatia, Bosnia, Serbia na Montenegro ziliungana kuwa eneo moja la njia huru, na baadhi yao zilikuwa vitani wenyewe kwa wenyewe miaka ya tisini. Anza na jirani mmoja.

Hatua ya 7: Jaribio, kisha uchapishaji

Omba jaribio la miezi michache, usiku tu, juu ya kimo fulani, wakati ndege ni chache. Mwongoza ndege abaki na haki ya kukurudisha kwenye njia ya zamani muda wowote. Kikipita kipindi bila tukio, ongezeni saa.

Mabadiliko ya kudumu huingia kwenye kitabu cha taarifa za anga cha nchi, na huanza kutumika kwa mzunguko wa siku 28 unaofuatwa na dunia nzima. Taarifa hutolewa angalau siku 42 kabla, na kwa mabadiliko makubwa 56, ili kampuni za ramani ziingize nukta mpya kwenye kompyuta za ndege. Nchi zote zinazohusika zichapishe kwa tarehe ileile. Moja ikichelewa mzunguko mmoja, njia inaishia mpakani hewani.

Hatua ya 8: Iingize kwenye mpango, iingize kwenye tanki

Kwenye mpango wa safari, sehemu isiyo na njia ya kudumu huandikwa DCT kati ya nukta mbili. Kumbuka anwani: ujumbe wa mpango uende kwa kila kituo kipya ambacho njia inagusa. Programu nyingi huongeza anwani zenyewe, lakini kagua wiki ya kwanza. Vinginevyo rubani atafika mpakani, ataita, na atajibiwa kwamba hakuna mpango wake. Ataanza kusoma maelezo yote kwa redio huku akihimizwa abaki nje ya mpaka.

Njia ya mkato iliyotolewa hewani si sawa na iliyopangwa ardhini. Ya hewani inaokoa kilo 220 za mfano wetu, lakini kilo hizo zilikuwa zimeshapakiwa, pamoja na nyongeza ya tahadhari ya asilimia 5 juu yake. Kubeba uzito nako hula mafuta: takriban asilimia 3 ya uzito wa ziada kwa kila saa, yaani kwa safari ya saa nne kila tani isiyohitajika inachoma karibu kilo 120. Na viwanja vyetu viwili viko juu, Nairobi zaidi ya futi 5,300 na Johannesburg zaidi ya 5,500, ambako hewa nyepesi hupunguza uzito ambao ndege inaweza kuruka nao. Siku ya joto, kilo 230 za mafuta yasiyo na kazi ni abiria wawili na mabegi yao walioachwa.

Baada ya miezi mitatu rudia vipimo vya hatua ya 1. Kama njia iliyopangwa imefupika lakini iliyorukwa iko vilevile, umefanikiwa kwenye tanki. Kama iliyorukwa imerefuka, kuna kituo kinachowarudisha marubani kwenye njia ya zamani. Mpigie simu msimamizi wa zamu kabla hujaandika barua.

Anga likifungwa ghafla

Mstari mfupi wa Nairobi kwenda London unapita Sudan na Libya. Vita vilipoanza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, anga la Sudan lilifungwa, na ndege zikalazimika kuzunguka. Agosti mwaka huohuo Niger nayo ikafunga lake kwa karibu mwezi mzima, na pengo likawa pana kutoka Sahara hadi Bahari ya Shamu. Februari 2025 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikazizuia ndege zilizosajiliwa Rwanda, na zile za Kigali zinazoelekea magharibi zikaongezewa safari.

Kwa kila njia ndefu, kwa hiyo, weka faili la njia ya pili na ya tatu: vibali vikiwa hai, tozo zimeshahesabiwa, muda wa zamu wa marubani umeshapimwa, na uwanja wa kujaza mafuta umeshakubaliwa. Vibali ndivyo vinavyoisha muda kimyakimya, kwa hiyo tarehe zake ziandikwe ubaoni, mahali ambapo ofisa wa zamu ya usiku ataziona.